Mwanamke Aliyefuata Magari ya Taka

Msomaji wangu, ukitaka kujua mji unawathamini watu gani na kuwadharau watu gani, usiende kutazama majumba yake ya serikali. Uliza taka zake humwagwa wapi, kisha uliza ni nani walalao karibu na hapo. Ukiwa Nairobi utaonyeshwa Dandora, ambako taka za mji zimemwagwa tangu miaka ya 1970, nawe utatambua bila kuambiwa kwamba jaa lile halikuwekwa Muthaiga. Jambo hili si la mji wetu peke yake, wala si la zama zetu peke yake. Katika insha hii nataka twende pamoja mpaka Chicago, nchini Marekani, tumtazame mwanamke mmoja aliyeanza kwa kufuata magari ya taka alfajiri, na baada ya miaka 20 akawa anasimama mbele ya wakuu wa mataifa yaliyokuwa vitani, naye hakuziona kazi hizo kuwa mbili.

Iko sababu nyingine ya kumtazama. Kazi tunayoiita leo ustawi wa jamii, ambayo vijana wengi wa Kenya huisomea vyuoni, ina mzizi wake mmoja mkubwa katika nyumba ya mwanamke huyo. Siku hizi wanafunzi wa kazi hiyo huambiwa kwamba, pamoja na kujifunza namna ya kumsaidia yatima na mgonjwa, hawana budi kujifunza pia haki ya mazingira na ujenzi wa amani. Wako wanaonung'unika. Husema kwamba mambo hayo ni mapya, yamebandikwa juu ya kazi yao kama kiraka, na kwamba mito na moshi ni shughuli ya wengine, na vita ni shughuli ya mabalozi. Mimi nasema kwamba historia haiwaungi mkono, nawe utaamua mwenyewe tukifika mwisho.

Jina lake lilikuwa Jane Addams. Alizaliwa mwaka 1860 katika kijiji cha Cedarville, jimbo la Illinois, akiwa binti wa mtu mwenye kinu cha nafaka na mwenye kiti katika baraza la jimbo. Mama yake alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka miwili. Alisoma, akahitimu mwaka 1881, na mwaka huohuo baba yake naye akafa. Ikafuata miaka ya kuugua na kutangatanga, maana wakati ule msichana wa nyumba yenye mali alisomeshwa vizuri kisha asipewe kazi yo yote ya kufanya. Katika safari zake za Ulaya aliona huko London, usiku wa Jumamosi, maskini wakinyosha mikono juu kushindania mboga zilizokwisha kuoza, zikinadiwa kwa bei ya chini kabisa. Mikono ile haikumtoka moyoni. Mwaka 1888 alikwenda kuiona Toynbee Hall, nyumba iliyofunguliwa London mwaka 1884, ambamo watu waliosoma walikaa pamoja na maskini kama majirani, si kama wageni wa kuleta sadaka na kuondoka. Akaona kwamba amepata njia.

Basi mwezi wa Septemba mwaka 1889 yeye na rafiki yake Ellen Gates Starr wakahamia katika nyumba kuukuu ya barabara ya Halsted, Chicago, iliyokuwa ikiitwa Hull House kwa jina la tajiri aliyeijenga. Mtaa ulikuwa katika Kata ya Kumi na Tisa. Waliokaa humo walikuwa wageni kutoka pande nyingi za Ulaya: Waitaliano, Wajerumani, Waairishi, Wayahudi waliokimbia Urusi na Poland, na baadaye Wagiriki wengi. Kila watu walikuwa na lugha yao, kanisa au sinagogi lao, na magomvi yao ya kale waliyokuja nayo katika masanduku. Walifanya kazi viwandani kwa saa nyingi na ujira mdogo. Nyumba zao zilikuwa za mbao, zimegawanywa vyumba vidogo vidogo, na nyingi hazikuwa na maji ndani.

Nje ya nyumba hizo, mbele ya kila mlango, lilikuwako sanduku kubwa la mbao la kutilia taka, limepigiliwa palepale barabarani. Sanduku lilijaa, likafurika, na magari ya farasi ya kuchukua taka yalikuja pale yalipopenda. Ndani mlitupwa maganda ya matunda yaliyooza, matambara machafu, na mabaki ya nyama. Jane Addams aliandika kwamba masanduku yale ndiyo yaliyokuwa kitu cha kwanza mtoto wa mtaa kujifunza kukipanda, na ndiyo ngome ambazo watoto wakubwa walijifichia walipokuwa wakipigana vita vyao vya mchezo.

Hapa sharti nisimame kidogo, kwa sababu yeye mwenyewe alisimama hapa alipoandika habari za maisha yake. Yapata miaka mitatu ya kwanza watu wa Hull House walivumilia uvundo huo. Walifungua shule ya chekechea, wakafundisha lugha, wakauguza wagonjwa, wakazika wafu, lakini taka zilibaki. Alikuwako mtoto wa ndugu yake Jane Addams, mvulana dhaifu wa mwili aliyekuwa chini ya ulezi wake, na mvulana huyo hakuweza kukaa naye katika nyumba ile kwa sababu ya harufu. Ikabidi apelekwe shule ya bweni, mbali. Alipofikiri jambo hilo Jane Addams aliona haya. Watoto wa majirani nao walikuwa dhaifu. Lakini wao hawakuwa na shule ya bweni ya kukimbilia, na walipoondolewa mtaani waliondolewa kwa jeneza. Aliungama kwamba wale waliokufa walistahili kumwamsha mapema kuliko mvulana wake. Sijui ungamo jingine katika historia ya kazi hii lililo zito kama hilo. Mtu mwema, msomi, mwenye huruma, amekaa miaka mitatu karibu na sumu akiwahudumia walioathiriwa nayo, bila kuchukua hatua ya kufaa juu ya sumu yenyewe.

Ndipo alipoanza. Wanawake 12 wa chama cha akina mama cha Hull House, wengi wao wakiwa wamechoka kwa kazi za mchana kutwa, walijigawia vichochoro vya kata wakavikagua. Katika miezi miwili ya Agosti na Septemba waliandika na kuthibitisha makosa 1,037 ya uvunjaji wa sheria ya usafi, wakayapeleka idara ya afya. Wakaguzi wakahamishwa mmoja baada ya mwingine, taka zikabaki. Mwaka 1895, kwa kukata tamaa, Jane Addams aliomba mwenyewe apewe zabuni ya kuzoa taka za kata. Ombi lake lilikataliwa kwa kasoro ndogo ya maandishi, lakini kelele zilizotokea zilimfanya meya amteue kuwa mkaguzi wa taka wa Kata ya Kumi na Tisa, kwa mshahara wa dola 1,000 kwa mwaka. Wanasiasa wa kata walikasirika sana. Nafasi hiyo ilikuwa tunda lao la kuwagawia rafiki zao.

Mfikirie, msomaji, bibi aliyevaa gauni refu la siku zile, akiondoka nyumbani saa 12 alfajiri pamoja na msaidizi wake, akifuata magari ya farasi mpaka jaani ili ayahesabu. Mwenye zabuni alikuwa na magari tisa. Akalazimishwa kuyafanya 13, kisha 17, huku akilalamika kwamba kila gari linamtia hasara, na kwamba mkaguzi aliyetangulia alikuwa akimruhusu kwa saba. Wenye nyumba waliokataa kuweka vyombo vya taka walishitakiwa. Katika kichochoro kimoja walichimba uchafu, na inchi 18 chini wakakuta barabara iliyotengenezwa kwa mawe, ambayo hakuna aliyekumbuka kwamba ipo. Yeye mwenyewe alitania kwamba majirani wa Kiitaliano hawakushangaa sana, kwa kuwa kwao watu wamezoea kuona miji iliyozikwa ikifukuliwa.

Baadhi ya akina mama wa mtaa walimwonea aibu. Mwanamke na taka za barabarani! Yeye akawaeleza kwa utaratibu kwamba ikiwa ni heshima kwa mwanamke kuingia nyumba za wagonjwa ili kuwauguza, basi ni heshima vilevile kupita nyumba hizohizo ili ugonjwa usizaliwe. Hatimaye vifo vya kata vilipungua, na kata ile iliyokuwa ya tatu mjini kwa wingi wa vifo ikashuka hadi ya saba.

Ningependa kukuambia kwamba toka hapo mambo yalikwenda vizuri tu. Hayakwenda. Mwaka 1902 homa ya matumbo ililipuka Chicago, na ingawa kata ile ilikuwa na sehemu moja tu katika 36 ya watu wa mji, ilipata sehemu moja katika sita ya vifo. Daktari Alice Hamilton, aliyekuwa akikaa Hull House tangu mwaka 1897, alifanya uchunguzi pamoja na wenzake wawili, nyumba kwa nyumba. Waliona vyoo vibovu visivyounganishwa na mabomba ya majitaka, wakaona nzi, wakawakamata nzi hao na kuwapima, wakakuta viini vya homa. Habari hiyo ikatangazwa kila mahali na Daktari Hamilton akasifiwa sana. Baadaye alikuja kujua kwamba sababu kubwa ilikuwa nyingine: bomba lilikuwa limepasuka katika kituo cha kusukuma maji, na kwa siku tatu majitaka yakaingia katika maji ya kunywa ya kata, na wakuu wa afya walikuwa wamelificha jambo hilo. Kila aliposifiwa kwa habari ya nzi alisikia aibu, naye aliandika hivyo waziwazi katika kitabu cha maisha yake, mwaka 1943. Namheshimu zaidi kwa sababu ya ukurasa huo. Ona pia somo lililokuwamo. Vyoo vilikuwa vibovu kweli, na nzi walikuwako kweli, lakini maskini wale waliuawa na bomba na kimya cha wakubwa. Anayechunguza uchafu wa mtaa asiishie mtaani. Afuate bomba mpaka linakotoka.

Sasa kuhusu mafundisho. Watu wa Hull House waliona upesi kwamba huruma peke yake haimtoshi mtu atakayekaguana na wenye zabuni. Mwaka 1895 walikuwa wamekwisha kutoa kitabu chenye ramani za mtaa wao, kila nyumba imetiwa rangi kuonyesha watu waliomo wametoka taifa gani na hupata ujira gani kwa juma. Florence Kelley, mkaguzi wa viwanda wa jimbo, ndiye aliyekuwa nguzo ya kazi hiyo. Mwaka 1903 masomo ya kuwafundisha wahudumu wa jamii yalianzishwa mjini, na mwaka 1908 yakawa chuo kamili, ambacho mwaka 1920 kiliingizwa katika Chuo Kikuu cha Chicago. Walimu wake wakuu, Edith Abbott na Sophonisba Breckinridge, walikaa Hull House kwa miaka mingi. Wao hawakuwafundisha wanafunzi kuwaonea watu huruma, maana huruma walikuja nayo. Waliwafundisha sheria, hesabu za takwimu na utawala, kisha wakawatuma mitaani na futi za kupimia. Tangu mwaka 1908 makundi ya wanafunzi yalipima vyumba vya maskini wa Chicago: urefu, upana, madirisha mangapi, watu wangapi hulala humo, choo kiko wapi. Vipimo vya miaka zaidi ya 25 vilikusanywa katika kitabu cha Abbott kilichotoka mwaka 1936.

Hata hivyo, nchini mle ilikuwako njia nyingine ya kufundisha kazi hiyohiyo. Mary Richmond alitoa kitabu mwaka 1917 kilichoeleza jinsi ya kumchunguza mtu mmoja mmoja na jamaa yake, kama daktari amchunguzavyo mgonjwa. Njia hiyo ina faida kubwa, wala nisingependa kuidharau. Mjane mwenye watoto watano hawezi kungoja mpaka mji utengeneze mabomba. Lakini katika miaka ya 1920 vyuo vingi viliegemea upande huo mpaka vikakaribia kuusahau ule mwingine. Mwanafunzi alifundishwa kuuliza kwa nini mama huyu amevunjika moyo, asifundishwe kunusa hewa ya dirishani kwake.

Twende sasa kwenye vita. Kwa miaka 25 Jane Addams alikuwa ameona jambo ambalo wanasiasa hawakuliona. Katika mtaa wake Mjerumani na Mwitaliano, Myahudi na Mrusi, watu ambao huko kwao walifundishwa kuchukiana, walikaa mlango kwa mlango. Hawakupatanishwa na hotuba. Walikutana kwa sababu mtoto wa huyu na mtoto wa yule waliugua homa moja, na kwa sababu sanduku la taka lilikuwa moja. Walipodai pamoja bomba au shule walianza kujuana. Mwaka 1907 alitoa kitabu kuhusu amani, akieleza kwamba amani haiwi tu kukosekana kwa bunduki. Hukua pale watu wanapotunza uhai pamoja, na mahali pa kuitafuta ni katika mitaa ya maskini kama ile. Wengi walimsifu kwa maneno hayo maadamu hapakuwa na vita.

Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914 maneno hayo yalipata bei. Mwezi wa Aprili mwaka 1915 wanawake wa nchi 12, zaidi ya 1,000, walikusanyika mjini The Hague, Uholanzi, huku mizinga ikilia nchi ya jirani. Jane Addams alivuka bahari pamoja na Wamarekani wengine zaidi ya 40, akiwamo Daktari Hamilton yule wa homa ya matumbo. Merikebu yao ilizuiwa siku kadhaa karibu na pwani ya Uingereza. Wanawake wa Uingereza wapatao 180 walitaka kwenda, lakini bahari ilifungwa, na watatu tu ndio walioweza kuwapo. Mkutano ulimchagua Jane Addams kuwa mwenyekiti. Ulipokwisha, wajumbe walitumwa wakaonane na wakuu wa serikali za pande zote mbili, wakiwaomba wakubali nchi zisizokuwa vitani zikae daima kutafuta upatanisho. Walipokelewa kwa adabu mji baada ya mji. Vita haikusimama.

Aliporudi nyumbani alizungumza New York, tarehe 9 Julai 1915. Katika hotuba hiyo alitaja jambo aliloambiwa Ulaya, kwamba vijana walipewa kileo kabla ya kushambulia kwa singe, kwa sababu bila hicho mioyo yao ilikataa. Magazeti yalimrukia. Ati amewatukana mashujaa, ati ni mwanamke mjinga asiyejua vita. Mtu aliyekuwa akihesabiwa miongoni mwa wanawake waliopendwa kupita wote nchini akawa wa kuzomewa. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917 naye akaendelea kuipinga, rafiki wengi walimwepuka, na chama cha mabinti wa wapigania uhuru wa Marekani kikamfukuza. Yeye akaenda mji kwa mji kuwahimiza watu waweke akiba ya chakula kwa ajili ya wenye njaa. Mwaka 1919, huko Zurich, wanawake waliokutana The Hague waliunda Umoja wa Kimataifa wa Wanawake wa Amani na Uhuru, naye akawa rais wake wa kwanza. Mwaka 1931 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel, akigawana na Nicholas Murray Butler. Alikufa mwezi wa Mei 1935.

Msomaji asidhani ya kuwa nyumba ile haikuwa na upungufu. Jane Addams alikuwa miongoni mwa walioanzisha, mwaka 1909, chama kikubwa cha kutetea haki za Wamarekani weusi. Lakini majirani wa Hull House walikuwa Wazungu wahamiaji karibu wote, na watu weusi waliokuwa wakihamia Chicago kutoka kusini walipangiwa mitaa mingine na taka nyingine. Mnamo mwaka 1945 wafanyakazi na askari weusi walijengewa mtaa wa Altgeld Gardens, upande wa kusini, mahali palipozungukwa na majaa, viwanda na mitambo ya majitaka. Hapo ndipo alipokaa Hazel Johnson, mama aliyefiwa na mumewe kwa saratani ya mapafu mwaka 1969. Alianza kuwauliza majirani ni nani amekufa na kwa ugonjwa gani, akaandika majibu, na mwaka 1979 akaanzisha chama cha wakazi. Hakuwa amesoma chuo cha ustawi wa jamii. Alifanya kazi ileile ya wale wanawake 12 wa vichochoroni. Mwaka 1994 alikuwapo Rais Clinton alipotia sahihi amri ya kuzitaka idara za serikali zitazame haki ya mazingira kwa maskini na kwa jamii zilizobaguliwa. Amri hiyo ilifutwa mwaka 2025. Lakini baraza linalosimamia vyuo vya ustawi wa jamii Marekani lilikuwa limekwisha kuandika, mwaka 2015, kwamba kila mwanafunzi wa kazi hiyo ajifunze kutetea haki ya mazingira pamoja na haki nyingine za binadamu. Kwa hiyo lile linaloitwa jipya lina umri wa miaka 120 ukihesabu toka mkaguzi wa taka hadi kanuni hiyo.

Nimekuahidi kwamba jambo hili si la Chicago peke yake. Daktari Hamilton, baada ya homa ya matumbo, aligeukia sumu za viwandani, na mwaka 1910 akaongoza uchunguzi wa jimbo la Illinois juu ya wafanyakazi waliodhuriwa na madini ya risasi. Huingia mwilini kwa vumbi na moshi, hudhoofisha mishipa, na mtoto humharibu ubongo. Sisi Waswahili twaita kwa neno moja, risasi, hiyo iyeyushwayo kiwandani na hiyo itokayo katika mdomo wa bunduki. Sasa njoo nyumbani. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, chenye watu wapatao 3,000, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi kilifanya kazi toka mwaka 2007 hadi 2014, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa humo, aligundua kwamba mtoto wake mchanga ana risasi katika damu. Aliacha kazi, akawapeleka watoto wengine wapimwe, akawakusanya majirani, akakamatwa, akaendelea. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, uamuzi ukapingwa, ukatenguliwa kwa sehemu mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikaurudisha mwezi wa Desemba 2024. Hesabu miaka tangu kiwanda kifunguliwe. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo alikuwa na umri wa miaka 17.

Na Profesa Wangari Maathai tunamjua sote, tangu miche saba aliyopanda na wenzake Nairobi mwaka 1977. Kisichosemwa sana ni kwamba mapigano ya makabila yalipozuka Bonde la Ufa mwanzoni mwa miaka ya 1990, yeye na wenzake walipeleka miche kwa jamii zilizokuwa zimemwagiana damu, wakaiita miti ya amani. Alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004 wako waliouliza mti na amani vinahusianaje. Katika hotuba yake alikumbusha desturi ya Wakikuyu ya mti wa thigi: mzee akiweka fimbo yake ya mti huo kati ya wanaogombana, huacha ugomvi wakatafuta suluhu. Maskini wa Kata ya Kumi na Tisa wangalimwelewa.

Nikurudishe mara ya mwisho katika barabara ya Halsted. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakuu wa Chicago walichagua mtaa ule kuwa uwanja wa chuo kikuu kipya cha jimbo. Wakazi walikataa. Waliongozwa na Florence Scala, binti wa fundi cherehani wa Kiitaliano, aliyekua akienda Hull House tangu utotoni. Waliandamana, wakaketi ofisini kwa meya, wakafikisha shauri lao mpaka mahakama kuu ya nchi, na mwaka 1963 wakashindwa. Nyumba zao zikabomolewa, watu wakatawanyika. Katika majengo 13 ya Hull House yakaachwa mawili, nayo sasa ni makumbusho. Chuo kikuu kikafunguliwa palepale mwaka 1965. Ndani yake iko shule ya kufundishia wahudumu wa ustawi wa jamii, na mlangoni pameandikwa jina la Jane Addams.